Medali ya "2000 Jahre Trier" aliyoiacha baba: ni dhahabu kweli, na tuifanye nini?

Swali: *Marehemu baba yetu alisoma Ujerumani Magharibi miaka ya 1980. Tulipofungua sanduku lake tulikuta medali ndani ya kiboksi cha plastiki. Upande mmoja una jengo kubwa la mawe lenye matao mengi na maneno PORTA NIGRA, upande wa pili umeandikwa 2000 JAHRE TRIER na 1984. Ukingoni kuna namba 986, basi. Kipenyo chake ni milimita 28. Sonara wa kwanza hapa Tanga aliipima akapata gramu 10.47, akasema hiyo 986 si alama ya dhahabu anayoijua, huenda ni ya kuchovya. Wa pili alitaka kuisugua kwenye jiwe lake, tukamkatalia. Wa tatu yuko tayari kuinunua kwa hesabu ya karati 22. Kuna mtu mtandaoni ametuambia ni dhahabu ya kale ya Warumi na tusikubali chini ya mamilioni mengi. Sumaku haiivuti. Ina doa jekundu karibu na ukingo, na wifi yangu anasema ikisuguliwa kwa dawa ya meno litatoka. Tuko watoto watatu. Ni dhahabu kweli? Ina thamani gani? Tuiuze, tuiyeyushe tugawane, au tuiweke?*

Jibu: Poleni sana na msiba, dada yangu. Kabla ya mengine yote, mwambie wifi yako dawa ya meno ibaki bafuni. Kuna mambo matatu ambayo yakishafanyika hayarudi nyuma: kuisugua medali, kuichanja, na kuiyeyusha. Mengine mnaweza kuyafanya polepole, mkakosea, mkarudia.

Naona kinachowasumbua ni kwamba watu watatu wenye kazi yao wametoa majibu matatu, na wa nne akaongeza mamilioni. Wote walitazama uso wa medali na alama yake, na uso ndiyo sehemu ambayo mchovyaji yeyote anaweza kuifanya ionekane anavyotaka. Jibu la kuaminika liko kwenye mwili mzima wa kipande hicho. Mwili huo unapimwa kwa mizani ndogo, uzi na glasi ya maji, mezani kwenu, bila kuukwaruza.

Nianze na hiyo 986. Sonara wa kwanza hakuwadanganya aliposema haijui. Dhahabu inayozunguka madukani kwetu pwani inafuata mtindo wa Dubai na India, na mihuri yake ni 916 kwa karati 22, 875 kwa karati 21, 750 kwa karati 18. Namba hizo zote zinaeleza jambo moja: katika sehemu 1,000 za uzito, sehemu ngapi ni dhahabu halisi. Wajerumani nao huhesabu kwa sehemu elfu, na sheria yao ya 1884 kuhusu vyombo vya dhahabu na fedha ndiyo iliyouweka utaratibu huo. Kiwango cha 986 ni cha dukati, sarafu ya dhahabu iliyoanza kugongwa Venice mwaka 1284 na ikaigwa karibu Ulaya nzima. Kwa Wajerumani na Waaustria dukati moja ilikuwa gramu 3.49 za dhahabu ya 986, na wagongaji wa medali waliendelea na kipimo hicho muda mrefu baada ya sarafu yenyewe kuacha kutumika sokoni. Sasa chukua 3.49 uzidishe mara tatu. Unapata 10.47, namba ileile sonara wenu aliyoiona kwenye mizani. Kwa karati, 986 ni 23.66, yaani juu ya kila bangili iliyomo katika kabati la duka lake.

Hiyo ni dalili nzuri sana, ila haijawa ushahidi. Mtu anaweza kutengeneza kipande cha fedha au shaba chenye uzito huohuo, akakichovya, akakipiga muhuri wa 986. Asichoweza ni kukifanya kiwe na uzito huo *na* unene uleule. Nitarudi hapo.

Kwanza tumalizane na huyo wa mamilioni, maana hakuitunga habari yake yote. Trier ni mji wa kale kweli. Warumi waliuita Augusta Treverorum, na mbao za nguzo za daraja lao la mwanzo kwenye mto Mosel zinatokana na miti iliyokatwa mwaka 18 au 17 Kabla ya Kristo. Hilo limejulikana kwa kuhesabu pete za miti. Hiyo Porta Nigra iliyo kwenye medali ni lango la mji, lilianza kujengwa karibu mwaka 170 na bado limesimama. Kuanzia miaka ya 290 Trier ilikuwa na kiwanda chake cha kugonga sarafu, na sarafu za dhahabu za huko zina herufi TR katika alama ya chini. Mwaka 1993, wachimbaji wa msingi wa maegesho ya magari mjini humo walikuta lundo la sarafu za dhahabu za Kirumi zaidi ya 2,500, kilo 18.5 kwa jumla, ambazo sasa ziko katika jumba la makumbusho mjini humo. Bila shaka rafiki yenu alikutana na habari hiyo akaiunganisha na picha yenu.

Medali yenu haina uhusiano na lundo hilo. Mwaka 1984 Trier ilisherehekea miaka 2,000 tangu kuanzishwa, na 2000 JAHRE ni "miaka 2,000" kwa Kijerumani. (Mkipiga hesabu kwa mwaka 16 KK, unaotajwa mara nyingi kuwa mwaka wa kuanzishwa, mtapata miaka 1,999, kwa sababu kalenda yetu haina mwaka sifuri. Mji mwingine wa Ujerumani, Augsburg, wa mwaka 15 KK, ulisherehekea 1985 na upungufu uleule. Sherehe zina kalenda zake.) Kwa sikukuu kama hizo Ujerumani hugongwa medali za dhahabu, fedha na shaba, nyingine kwa agizo la mji au benki, nyingine na wafanyabiashara tu. Medali haina thamani ya fedha iliyoandikwa juu yake na hakuna benki inayolazimika kuipokea, tofauti na sarafu ya kumbukumbu. Bonn ilipotimiza miaka 2,000 mwaka 1989, serikali ilitoa sarafu ya fedha ya Mark 10. Hiyo ilikuwa pesa halali. Yenu ni kipande cha sanaa kilichogongwa kwa dhahabu, chenye umri wa miaka arobaini na kitu.

Sasa twende kwenye maji.

Dhahabu ni nzito mno kwa ujazo wake. Mililita moja ya dhahabu safi ina gramu 19.32. Fedha ni 10.49, shaba nyekundu 8.96, shaba ya njano ya vitasa ni kama 8.5, risasi 11.34. Mchanganyiko wa 986, ambao gramu 1.4 katika kila 100 kwa kawaida ni shaba, unatoka karibu 19.0. Karati 22 iliyochanganywa na shaba ni kama 17.6, na karati 18 ya njano ni 15 na kitu. Pengo kati ya dhahabu na vyuma vya kuchovyia ni pana kiasi kwamba hata mizani ya bei nafuu inaliona.

Tafuteni mizani ya mfukoni inayosoma hadi gramu 0.01, ile wanayouza kwa ajili ya vito na viungo. Mingi huja na jiwe lake la kuihakiki. Iwekeni sawa kwanza kwa jiwe hilo. Wekeni mizani kwenye meza isiyotikisika, zimeni feni. Pimeni medali ikiwa kavu, mara tatu, mwandike. Kisha chukueni glasi ndogo ya maji yaliyotoneshwa, yale ya chupa wanayoongezea kwenye betri za gari. Someni lebo vizuri: yawe maji matupu, maana dukani hukaa rafu moja na asidi ya betri, na asidi hatuitaki hapa. Tieni tone moja tu la sabuni ya vyombo ili mapovu yasishike. Wekeni glasi na maji yake juu ya mizani, mbonyeze kitufe cha kurudisha sifuri.

Medali ifungwe kwa uzi mwembamba wa nailoni, ishikwe ukingoni tu kwa mikono iliyonawiwa ikakauka. Mwisho wa juu wa uzi ufungwe kwenye kijiti kilicholazwa juu ya vitabu viwili vilivyo pembeni ya mizani, visiguse mizani wala glasi. Shusheni medali hadi izame yote ikining'inia, isiguse chini wala ubavuni. Namba itakayotokea kwenye mizani ni uzito wa maji yaliyosukumwa, na kwa kuwa gramu ya maji ni mililita moja, hiyo ndiyo ujazo wa medali. Gawanyeni uzito mkavu kwa namba hiyo.

Kwa medali yenu ya gramu 10.47, dhahabu ya 986 itasoma 0.55. Karati 22 ingesoma 0.59, karati 18 karibu 0.68. Fedha iliyochovywa ingesoma karibu 1.00, na shaba ya njano 1.23. Mkiona 0.54 au 0.56 msishtuke. Kwa kipande kidogo hivi, tofauti ya 0.01 inahamisha jibu kutoka 19.0 hadi 19.4 au 18.7, na mizani ya mfukoni haina uwezo wa zaidi ya hapo. Rudieni mara tano, mchukue ya katikati.

Kuna jambo la kuwatuliza kuhusu kipimo hiki. Makosa yake karibu yote yanaelekea upande mmoja. Povu lililoshika kwenye michoro linaongeza ujazo. Medali ikigusa chini ya glasi, uzito wake unahamia kwenye mizani na namba inapanda. Uzi mnene nao hupandisha. Vyote hivyo huifanya dhahabu nzuri ionekane mbovu. Hakuna hata kimoja kinachoifanya shaba ionekane dhahabu. Kwa hiyo mkipata 0.55 mara kwa mara, shaba na fedha zimeshatoka kwenye orodha. Mkipata 0.62, angalieni mapovu kabla ya kumlaumu marehemu.

Chuma kimoja kinachoipita hesabu hii ni tungsteni, yenye 19.25 kwa mililita. Huo ni udanganyifu wa kweli, lakini makazi yake ni mabamba na vipande vikubwa, ambako tundu hutobolewa na kujazwa ndani. Tungsteni ni ngumu sana na hupasuka. Haikubali kugongwa ikatoa matao madogo ya Porta Nigra yenye ncha kali kama mnavyoyaona. Kwa medali ya milimita 28 iliyotoka Ujerumani enzi za baba yenu, mimi nisingepoteza usingizi. Hata hivyo, kabla ya kuuza, ipitisheni kwenye mashine ya eksirei ya kupimia vito. Mashine hiyo husoma ngozi ya juu tu, sehemu ndogo sana za milimita, na ndiyo maana peke yake haitoshi: mchovyo mnene unaweza kuipotosha. Maji yanasoma mwili, eksirei inasoma ngozi. Vikisema jambo moja, hakuna sonara wa kuwapinga.

Jiwe la sonara wa pili nalo husoma ngozi. Anasugua kipande kwenye jiwe jeusi, anaacha mstari, anadondosha asidi na kutazama mstari ukibaki au ukiyeyuka. Ni njia ya zamani na nzuri kwa bangili itakayong'arishwa tena. Kwa medali iliyogongwa uso wake ukawa kama kioo, inaacha kovu la kudumu. Mlifanya vyema kukataa. Sumaku ndiyo haina maana kabisa hapa, kwa kuwa haivuti dhahabu, wala fedha, wala shaba, wala risasi. Inachoweza kuwaambia ni kwamba ndani hamna chuma cha kawaida au nikeli nyingi, basi.

Nilisema nitarudi kwenye unene. Duara la milimita 28 lina eneo la sentimita za mraba 6.16. Gramu 10.47 za dhahabu ya 986 zikitandazwa humo zinatoa unene wa wastani wa milimita 0.9. Zingekuwa za fedha, wastani ungekuwa 1.6. Ukingo huwa umeinuka kidogo kuliko katikati, kwa hiyo kwa kalipa (kifaa cha kupimia unene) mtasoma kitu kama 1.1 au 1.2 kama ni dhahabu, na karibu 2 kama ni fedha ya kuchovya. Watu wengi wanapoishika medali ya dhahabu kwa mara ya kwanza huona ni nyembamba mno, wakadhani wamepunjwa. Wembamba huo ndio dalili njema. Tazameni pia karatasi yoyote iliyobaki kiboksini: neno *vergoldet* maana yake imechovywa dhahabu, *Feingold* ni dhahabu safi, *Silber* ni fedha. Kukiwa na 986 bila *vergoldet* popote, maandishi yako upande wenu.

Sasa doa. Wengi huamini dhahabu halisi haishiki doa, kwa hiyo doa likionekana ni ushahidi wa bandia. Dhahabu yenyewe haiozi, ni kweli. Lakini ndani ya 986 kuna ile shaba kidogo, na wakati wa kupitisha bamba kwenye roli na kugonga, chembe za shaba au za fedha kutoka kwenye mitambo hubanwa juu ya uso. Miaka ikipita, chembe hiyo hushika hewa na unyevu, ikatanda doa jekundu au la kahawia. Huonekana hata kwenye sarafu za dhahabu safi zilizotoka viwanda vya serikali. Kwa mnunuzi anayejua kazi, doa dogo jekundu halipunguzi chochote kwenye bei ya dhahabu.

Dawa ya meno ina unga wa kusugua. Hauondoi doa peke yake. Unaondoa na kile kioo, ukaacha mikwaruzo midogo maelfu inayoonekana kama ukungu ukiielekeza medali kwenye taa. Ndimu na chumvi hushambulia shaba iliyochanganywa na kubadili rangi. Kitambaa kikavu cha miwani, hata kiwe laini namna gani, huburuta vumbi juu ya uso. Acheni doa lilivyo.

Kinachoruhusiwa ni kuondoa mafuta ya vidole na ute wa plastiki. Kama mnaona utando wa kijani unaonata, huo unatoka kwenye plastiki laini ya kiboksi au mfuko; ukiachwa utaendelea kula shaba iliyo usoni. Tumieni asetoni safi kutoka duka la dawa za maabara. Ile ya kuondoa rangi ya kucha ina mafuta na manukato, haifai. Mimina kidogo kwenye bakuli la glasi, mbali na moto, madirisha wazi; msitumie chombo cha plastiki kwa sababu asetoni inaweza kukiyeyusha. Izamisheni medali dakika tano, itoeni kwa ukingo, itumbukizeni kwenye asetoni mpya, kisha isimamisheni juu ya kitambaa ikauke yenyewe. Hakuna kufuta. Asetoni haiigusi dhahabu wala doa. Inaondoa uchafu tu.

Twende kwenye pesa. Dhahabu halisi iliyomo ni 10.47 mara 0.986, sawa na gramu 10.32. Sonara wa tatu anayehesabu karati 22 anachukua 10.47 mara 0.917, anapata 9.60. Zaidi ya nusu gramu, karibu robo tatu, inabaki mfukoni mwake kabla hata hajatoa faida yake ya halali. Huenda hana nia mbaya. 22 ndiyo karati anayoiuza kila siku. Lakini hesabu ni yenu.

Bei ya dunia hutangazwa kwa dola kwa wakia, na wakia ya dhahabu ni gramu 31.1035, tofauti na ile ya gramu 28.35 ya vipimo vya kawaida. Gawanyeni bei ya siku hiyo kwa 31.1035 mpate bei ya gramu safi, zidisheni kwa 10.32, kisha kwa kiwango cha kubadilisha dola cha siku hiyo. Kwa mfano wa hesabu tu, bei ikiwa dola 3,110 kwa wakia, gramu ni dola 100 na medali ina dhahabu ya dola 1,032. Kwa karati 22 mngehesabiwa 960. Mnunuzi lazima akate kidogo, maana ana gharama na anaibeba hatari ya bei kushuka. Muulizeni swali moja: "Unalipa asilimia ngapi ya bei ya gramu safi?" Asiyetaka kulijibu hilo, akang'ang'ania kusema "milioni kadhaa kwa kipande", mshukuruni muondoke.

Je, ina thamani zaidi kwa wakusanyaji? Nitakuwa mkweli: kwa medali za kumbukumbu za miaka ya 1970 na 1980, mara nyingi hapana, au kidogo sana juu ya dhahabu yake. Ziligongwa kwa ajili ya soko la zawadi na akiba, na bado zipo nyingi. Zinazopanda ni zile zilizochorwa na mchongaji mwenye jina, zenye idadi ndogo inayothibitika, au seti kamili ya dhahabu, fedha na shaba pamoja na cheti. Kuipeleka kwenye mnada Ujerumani kwa kipande kimoja cha gramu kumi, baada ya usafirishaji wenye bima, kamisheni na taratibu za forodha za pande zote mbili, faida yote inaweza kuishia njiani. Msiitume kwa posta ya kawaida hata kidogo. Na dhahabu ikivuka mpaka lazima itangazwe. Anayetaka kusafiri nayo aulize kwanza TRA na ofisi ya madini ya mkoa.

Kuyeyusha ndiko ningewakataza kwa sauti kubwa. Mkishaiyeyusha, namba 986 imekwenda, Trier imekwenda, na mnabaki na kidonge ambacho kila mnunuzi atakipima upya na kukikadiria kwa karati ya chini ili ajilinde. Kidogo hupotea kwenye chungu pia. Kuigawa vipande vitatu ni hasara ileile mara tatu, na mtu akiigeuza kidani kwa kuichomelea kishikizo, madini ya kuchomelea yana karati ya chini na joto la kuchomelea huharibu uso.

Njia mbili zinazobaki zote ni za heshima. Mnaweza kuiuza nzima na kugawana fedha, au mmoja wenu aichukue kwa thamani ya dhahabu ya siku mliyokubaliana, ikakatwa kwenye fungu lake. Vyovyote vile, medali ni mali ya marehemu na iingie kwenye orodha ya mirathi kabla haijatoka nyumbani. Msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama ndiye mwenye mamlaka ya kuiuza. Mtoto mmoja akiiuza kimyakimya, hata kwa bei nzuri, amejifungulia mlango wa kesi. Kama familia yenu inafuata sheria ya Kiislamu, mafungu ya watoto wa kiume na wa kike yanatofautiana, kwa hiyo mpate mwanazuoni au wakili awapigie hesabu hiyo, isiwe mtu wa mtandaoni.

Nendeni ana kwa ana kwa mtaalamu mwenye mashine ya eksirei ikiwa maji yatawapa jibu kati ya 15 na 18 hata baada ya kurudia, kama mtaona alama ya kuchomelea ukingoni, au kama rangi ya chini ya mkwaruzo wowote ni nyeupe au nyekundu tofauti na uso. Mwendeeni pia kabla ya kuuza, hata matokeo yakiwa mazuri. Siku ya kuuza nendeni wawili, mchana, kwenye duka lenye leseni. Medali ipimwe mbele yenu kwa mizani iliyorudishwa sifuri, isipelekwe chumba cha nyuma, na risiti ya EFD iandikwe uzito, 986, na bei ya gramu. Pateni makadirio mawili siku moja, kwa sababu bei ya jana si kipimo cha mnunuzi wa leo.

Mkiamua kuiweka, itoeni kwenye kiboksi cha zamani kama plastiki yake ni laini au inanukia. Nunueni kapsuli ngumu ya akriliki ya milimita 28, na pakiti ndogo ya kunyonya unyevu, maana hewa ya Tanga ina chumvi. Kadibodi ya kahawia, mipira ya kufungia na sanduku la mbao mbichi hutoa gesi zinazochafua shaba na fedha, vikae mbali nayo. Kiboksi cha asili na karatasi zake msivitupe, vihifadhiwe kando. Pigeni picha tatu: mbele, nyuma, na ukingo unaoonyesha 986 pamoja na rula. Picha hizo zikae na nyaraka za mirathi, na zile mlizomtumia yule wa mtandaoni mzifute.

Jioni moja ya mizani na glasi itawatosha. Mkisoma 0.55, rudini kwa sonara wa tatu na karatasi ya hesabu mkononi, mumpe nafasi ya kusema bei upya. Huenda akaibadilisha palepale.